Gari la dizeli kutoka Uingereza, taa ya DPF, na fundi anayetaka kunifanyia kazi bure

Mwalimu_wa_Mayai · Jumapili, saa 3:10 usiku

Habari zenu. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuandika hapa, kwa hivyo nikirefusha mnivumilie.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, Njoro. Hiyo ni Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi nafanya kazi inayolipa karo ya watoto wangu: nakusanya mayai kwa majirani watatu, nayapeleka Kisumu kwa mama mmoja mwenye kibanda Kibuye. Nikikunja viti vya nyuma zinaingia trei 60. Kwa ajili ya safari hiyo nilinunua gari la dizeli la Kijerumani, la mwaka 2014, lililotoka Uingereza. Nililichukua 2021 kwenye yadi moja hapa Nakuru. Chapa siitaji kwa sasa, maana sijui kama nina kesi au sina, na hilo ndilo lililonileta hapa. Kwa mafuta sina lawama. Nakuru hadi Kisumu kwenda na kurudi, pamoja na mizunguko ya sokoni, lita 25 haziishi.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilipita Salgaa salama, nikapanda Sachangwan bila shida. Kabla ya kufika Mau Summit ile taa ya chungwa yenye picha ya injini ikawaka, na gari likakata nguvu palepale. Unakanyaga, linakutazama tu. Kilomita 50 kwa saa, haliongezi. Lori la saruji likanipita. Nimesema lori la saruji, kwenye mlima. Nikawa nazima, nangoja, nawasha, linakwenda kidogo, linarudia yaleyale, hivyo hivyo hadi Kericho. Mteremko wa kwenda Awasi ndio ulionihurumia. Kibuye nilifika saa saba mchana, mama ameshanunua mayai ya mtu mwingine, na yangu akayachukua kwa bei ya kunisitiri.

Taa yenyewe si mgeni. Imewaka mara tatu tangu ninunue gari, na kila mara fundi wangu wa Njoro alichomeka mashine yake, akaifuta, nikampa 1,500, tukaagana.

Safari hii nikaenda kwa fundi mwingine, mjini Nakuru. Akasema shida ni DPF, kile kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi. Kimeziba. Dawa yake ni kukikata, kuweka bomba tupu, halafu kuifuta kumbukumbu yake kwenye kompyuta ya gari, gari lisahau kama liliwahi kuwa nacho. Nikauliza bei. Akasema, "Mwalimu, wewe ni mtu wetu. Sikutozi kitu. Uniachie tu hicho cha zamani."

Mimi nafundisha hesabu. Mwanafunzi akiniletea jibu zuri namna hiyo bila kuonyesha njia, naweka alama ya kuuliza pembeni.

Nilipomuuliza kama si vibaya kutoa kifaa cha kusafisha moshi, alicheka. "Haya magari ya Wazungu yalidanganya tangu kiwandani, madam. Wewe utakuwa unamalizia tu." Usiku nikaingia kusoma. Kumbe hakunidanganya, angalau kwenye hilo. Tarehe 18 Septemba 2015 shirika la Marekani la kulinda mazingira, EPA, lilitangaza kwamba Volkswagen waliweka kwenye magari yao ya dizeli programu inayotambua gari linapopimwa. Magurudumu yanazunguka lakini usukani haukatwi, na mwendo unafuata mpangilio unaojulikana, kwa hiyo gari linajua liko mbele ya msimamizi. Linasafisha moshi wake, linapita. Likirudi barabarani linaacha, na ile gesi wanayoiita NOx inapanda hadi mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa. Kampuni yenyewe ilikiri magari kama milioni 11 duniani.

Nimesimamia KCSE miaka tisa. Nimekuta mwakenya, ile karatasi ya kuibia mtihani, ndani ya soksi, ndani ya kikokotoo, chini ya plasta iliyofunika kidonda kisichokuwepo. Lakini mwakenya unaofanya kazi msimamizi akiwepo tu, huo sikuwahi kuuona. (Na ni mwaka uleule wa 2015 ambao mitihani yetu ilivuja hadi bodi ya Baraza la Mitihani ikavunjwa Machi 2016, kwa hivyo sisemi kwa kuwacheka Wajerumani.)

Sasa nisaidieni. Nitajuaje kama langu ni miongoni mwa hayo? Kama ni miongoni mwao, yupo wa kunilipa? Nasoma kwamba Marekani na Uingereza wenye magari walilipwa. Na huyu fundi wa bure, nimpe gari au nimkimbie?

Probox_Ndiyo_Jibu · saa 3:22 usiku

Uza. Nunua Toyota Probox ya petroli. Inabeba mayai, inabeba na kuku waliotaga. Mada imefungwa.

Fundi_Otonglo · saa 4:25 usiku

Mwalimu, pole kwa safari. Nina gereji ndogo Otonglo, Kisumu, na dizeli ndiyo kazi yangu, mwaka wa 18 huu.

Nianze na hilo la bure. Ndani ya DPF kuna sega la kauri, kama sega la nyuki, ambalo mara nyingi limepakwa platini na paladi. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanalijua hilo sega kuliko unavyolijua daftari lako la alama, na hawalinunui kwa bei ya bati. Fundi wako hakufanyii hisani. Anakununulia mali yako kwa sifuri, halafu unamshukuru.

Lakini tusichanganye mambo. Volkswagen walidanganya kwenye NOx. Kichujio chako kazi yake ni masizi. Hivyo ni vitu viwili, na vinavutana kama ndugu wawili kwenye shamba la urithi. Injini ya dizeli ikichoma kwa joto kali, nitrojeni ya hewani inaungana na oksijeni, unapata NOx. Huioni kwa macho, mapafu ndiyo yanayoiona. Ili kupunguza lile joto kuna valvu inaitwa EGR, inarudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ukachomwe tena. Moshi ukirudi, NOx inashuka, lakini masizi yanaongezeka, na masizi hayo yanakwenda kujaza DPF. Ukiibana EGR, mambo yanageuka: masizi yanapungua, kichujio kinadumu, gari linakuwa na nguvu, na NOx inapaa. Kuwaridhisha wote wawili ni gharama. Utaweka mtego wa NOx, ambao unakula mafuta kila unapojisafisha, au utaweka tangi la urea, yale maji yanayoitwa AdBlue, ambayo mteja lazima ayajaze. Wao walitaka gari la bei nafuu, lisilokunywa, lisilomsumbua mteja, na linalopita kipimo. Hapo ndipo programu ilipoingilia. Mbele ya mpimaji gari linafuata sheria zote. Barabarani linalegeza.

Na kipimo chenyewe kilikuwa rahisi kukariri. Ule wa Ulaya wa enzi hizo ulikuwa dakika 20 hivi, kilomita 11, kwenye roli ndani ya jengo, kila gari mwendo uleule. Mtihani usiobadilika swali hata moja, mwalimu, wewe ungeutunga? Waliowagundua walikuwa watu wa Chuo Kikuu cha West Virginia. Walifunga mashine ya kupimia nyuma ya gari lenyewe wakaliendesha barabarani, Passat moja wakaitoa Los Angeles hadi Seattle. Walipima Jetta na BMW X5 pia. Zile mbili za Volkswagen zikashindwa vibaya, X5 ikafanya vizuri. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema dizeli zote za Ulaya ni za wizi, mwambie aache.

Magari yalipoanza kuitwa kurekebishwa Ulaya mwaka 2016, injini za lita 2.0 zilibadilishiwa programu tu. Za 1.6 ziliongezewa kibomba chenye wavu cha kutuliza hewa kabla ya kihisi kinachoipima. Uingereza peke yake ilikuwa na magari milioni 1.2 ya kurekebishwa. Baadaye wako wenye magari waliolalamika kwamba tangu programu mpya EGR zao zinajaa masizi na kukwama, na gari linakata nguvu kama lako lilivyofanya. EGR iliyozoea kupumzika sasa ilikuwa inafanya kazi.

Kuna kitu kingine kinachotuhusu sisi watu wa huku kuliko hata Wajerumani. Tarehe 14 Julai 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi zilizotoka Austria, kuhusu hiyohiyo programu ya marekebisho. Ilikuta EGR inafanya kazi kikamilifu pale tu joto la nje liko kati ya nyuzi 15 na 33, na gari liko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mahakama ikasema hiyo nayo ni hila iliyokatazwa. Sasa piga hesabu, wewe ndiye mwalimu. Kisumu hapa kando ya ziwa ni mita 1,131. Nakuru ni kama 1,850. Njoro imepita 2,000. Gari lenye programu ya namna hiyo likishapita Emali, kwenye barabara ya kutoka Mombasa, likija huku halirudi tena chini ya mita 1,000, hata likioga ziwani.

Sisemi lako ndivyo lilivyo. Chukua namba ya chasi, zile herufi na tarakimu 17, uiingize kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama gari liliwahi kuitwa. Halafu kesho asubuhi, injini ikiwa baridi, chomoa kijiti cha oili. Usiangalie kama imepungua. Angalia kama imepanda.

Mzee_Kiamunyi · saa 4:51 usiku

Fundi, unamtisha mwalimu bure. Yangu ilitolewa DPF 2022 na mpaka leo naenda Eldoret na kurudi bila taa hata moja. Gari ni jepesi, linavuta. Nani Nakuru anapima NOx? Nijibu hilo.

Lalamiko ni moja tu nyumbani. Mama watoto amehamisha kamba ya nguo kutoka karibu na geti, anasema shuka nyeupe zinapata vumbi jeusi.

Fundi_Otonglo · saa 5:02 usiku

Mzee, umeniuliza na umejijibu kwenye ujumbe uleule.

Mwalimu_wa_Mayai · Jumatatu, saa 12:40 asubuhi

Nimechomoa kijiti. Oili imepita alama ya juu kwa upana wa kidole changu kidogo. Nikaifuta kwenye karatasi ya tishu, nikangoja. Doa jeusi likabaki katikati, na kuzunguka pembeni ikaenea pete nyepesi ya manjano. Nikanusa. Inanuka pampu ya kituo cha mafuta.

Namba ya chasi nimeiingiza mara mbili, ya pili nikiisoma kwa sauti tarakimu moja moja kama nasoma matokeo. Halimo. Gari langu halikuwahi kuitwa.

Sijui kama nifurahi. Nakimbilia gwaride la Jumatatu.

Fundi_Otonglo · saa 1:15 asubuhi

Mwalimu, usiliendeshe mbali na hiyo oili. DPF ikifikiriwa imejaa, kompyuta hupuliza dizeli ya ziada mwishoni mwa mpigo ili joto kwenye kichujio lifike kama nyuzi 600 masizi yaungue. Inahitaji mwendo mzuri wa barabara kuu, dakika 15 au 20. Mtu anayezima gari kila baada ya kilomita tatu anaikatiza katikati, na dizeli ile inateleza ukutani mwa silinda hadi kwenye oili. Oili inakuwa nyepesi kama chai ya msibani. Turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, ndiyo inayokufa kwanza.

Kinachonishangaza ni kwamba wewe si mtu wa mizunguko ya mjini tu. Kila Jumamosi unaipa barabara ndefu, Mau Summit na kurudi. Kichujio kilichopaswa kujisafisha kinazibaje? Lete gari Jumamosi, njoo bila mayai.

Mstaafu_wa_Malaba · saa 8:30 mchana

Nimeendesha lori Mombasa hadi Malaba miaka 27, nacheka mnavyosema 2015 kama ndiyo mwanzo. Mwaka 1998 serikali ya Marekani iliwabana watengenezaji saba wa injini za malori: Caterpillar, Cummins, Detroit Diesel, Mack, Navistar, Renault na Volvo. Hila ilikuwa ileile kwa nguo nyingine. Lori likikaa mwendo wa barabara kuu muda mrefu, kompyuta inahamia kwenye kubana mafuta, NOx inapanda. Walitozwa faini ya dola milioni 83.4. Sisi madereva tulichojua ni kwamba lori jipya halinywi sana. Nani angeuliza kwa nini?

Na msiseme Wazungu peke yao. Hino walikiri Machi 2022 kwamba takwimu za moshi na za mafuta za injini zao zilichezewa, na uchunguzi uliofuata ulirudi nyuma hadi 2003. Januari 2024 ikawa zamu ya Toyota Industries, wanaowaundia Toyota injini za dizeli. Hilux na Hiace za injini hizo zikasimamishwa kusafirishwa kwa muda. Hiyo ya mwisho ilikuwa namba za nguvu za injini, si moshi, na wenye magari waliambiwa waendelee kuyatumia. Lakini wewe wa Probox, hebu punguza sauti kidogo.

Probox_Ndiyo_Jibu · saa 8:41 mchana

Nimesema ya petroli, mzee wangu. Ya petroli.

Karani_Ahero · saa 2:05 usiku

Mwalimu, mimi ni karani kwa wakili, si wakili, kwa hivyo yachukue haya kama maneno ya jirani.

Uliuliza kuhusu fidia. Hata kama gari lako lingekuwemo kwenye orodha, zile pesa zilifuata kesi, hazikufuata gari. Marekani mwaka 2016 kampuni ilikubali kuyanunua tena yale ya lita 2.0 kwa bei ya kabla ya kashfa, na juu yake mwenye gari apate kati ya dola 5,100 na 10,000 hivi. England na Wales ilikuwa Mei 2022, pauni milioni 193 kwa watu kama 91,000 waliojiunga na kesi, na kampuni ililipa bila kukubali kosa. Ujerumani mahakama kuu yao ya madai iliamua tarehe 25 Mei 2020 kwamba mwenye gari anaweza kulirudisha apewe pesa zake, ila kilomita alizokwisha kutembea zikatwe. Angalia hizo tarehe. Aliyeliuza gari akaondoka, aliyelinunua mtumba akalipandisha meli, wote hawamo. Sisi wa mwisho kwenye mnyororo tulipata gari na moshi wake.

Kesi yako, kama unayo, iko na aliyekuuzia. Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa inataka kitu kifanane na maelezo kilivyouzwa, na ipo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Madai yasiyozidi shilingi milioni 1 yanakwenda Mahakama ya Madai Madogo, unaweza kujisimamia mwenyewe, na sheria inataka hukumu ndani ya siku 60. Lakini mkataba una ukomo wa miaka sita. Ulinunua 2021, kwa hiyo 2027 mlango unafungwa. Tafuta risiti, tangazo la yadi kama ulilihifadhi, na karatasi zote zilizokuja na gari. Fundi akikuta kitu, akiandike, aweke tarehe na mhuri. Maneno ya mdomo hayaingii kwenye faili.

Omundu_wa_Leicester · saa 4:48 usiku

Nawasalimu kutoka Leicester, nyumbani Bungoma. Mwalimu, hizo karatasi anazosema Karani zina namba ya gari ya huku, ile ya zamani. Iingize kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza ya historia ya MOT, ule ukaguzi wa lazima wa magari huku. Ni bure, na mtu yeyote popote anaweza kuiona: lilikaguliwa lini, lilianguka kwa nini, lilikuwa limetembea maili ngapi. Utaanza na maili. Wengi huanza na maili wanalia hapohapo.

Halafu kuna jambo ambalo fundi amelinusa lakini hajalisema. Tangu Februari 2014, gari huku likikaguliwa na DPF haipo, linaanguka. Lakini mkaguzi anatazama kwa macho tu, haruhusiwi kufungua. Kwa hiyo wapo wanaolipasua lile kopo, wanalimwaga sega lote, wanalichoma weldi na kulirudisha mahali pake. Kwa macho DPF ipo. Nimewaona wakifanya, tena gereji yenye kalenda ya kanisa ukutani. Lala chini ya gari na tochi utafute mshono wa weldi ambao hauna haya.

Mzee_Kiamunyi · saa 4:59 usiku

Sasa hii imekuwa sinema.

Mwalimu_wa_Mayai · Jumapili iliyofuata, saa 2:30 usiku

Nimerudi na majibu.

Historia ya MOT nimeiona. Maili hazikuchezewa, nashukuru, ni zilezile nilizouziwa. Lakini mwaka 2019 gari lilianguka kwa sababu ya taa ya injini iliyowaka, na siku tatu baadaye likapita. Siku tatu. Nikakumbuka zile 1,500 zangu nilizotoa mara tatu Njoro. Kumbe tulikuwa tunaendeleza mila.

Jana nimekwenda Otonglo. Oili niliibadilisha kwanza Njoro kama fundi alivyonipigia simu kuniambia, nikaenda polepole, bila yai hata moja, na Mau Summit likaniangusha tena kama kawaida. Fundi ni kijana kuliko nilivyomdhania, na haongei sana akiwa kazini. Aliliinua gari, akafungua bamba la plastiki la chini, akaniita. Mshono ulikuwa upande wa juu wa kopo, upande ambao hauonekani ukiwa umesimama kando. Umeshonwa kama mdomo wa gunia la mahindi, kwa haraka, na mtu aliyejua hakuna atakayeangalia. Akachukua spana namba 17 akaligonga. Ngo! Debe tupu. Akaligonga la gari la mteja mwingine lililokuwa pale, la aina nyingine, ili nisikie tofauti. Hilo lilitoa sauti nzito, kama kugonga kisiki.

Kwa hiyo hakuna kilichoziba. Hakuna hata cha kuzibwa. Kihisi cha presha kilikuwa kinamwambia kompyuta kwamba moshi unapita bila kizuizi, kompyuta haiamini, inawasha taa. Na kwa kuwa inahesabu masizi pia kwa kilomita, kila baada ya muda inapuliza dizeli kusafisha kichujio ambacho hakipo, na hiyo ndiyo dizeli niliyoinusa kwenye tishu. Fundi alinieleza hivyo akiwa amekaa juu ya betri kuukuu, mimi nimeshika tochi, nikasikia hasira ambayo sikujua nimwelekezee nani. Gari halikudanganya kiwandani. Lilifundishwa baadaye.

Lililokuwa linakata nguvu mlimani ni EGR. Aliitoa, ndani imejaa kitu cheusi kinachong'aa, nusu masizi nusu lami, tundu lililobaki halipiti penseli. Ameisafisha kutwa nzima kwa brashi ya waya na dawa. Jumla nimelipa 14,500, oili ikiwemo. Wakati wa kurudi nilipanda kutoka Kericho hadi Mau Summit kwa gia ya nne. Nikaona lori la saruji mbele yangu, na mtanisamehe, nilipiga honi.

Taa bado inawaka. DPF mpya niliambiwa ni 140,000. Niliigawanya kwa faida ya trei moja nikaacha kabla ya kufika jibu. Fundi ameniandikia ripoti yenye mhuri na picha nne, na Karani ameniambia faili linaanzia hapo. Yadi nimeipigia Ijumaa. Aliyepokea alisema, "Sisi tuliuza kama tulivyolipokea." Nimeiandika sentensi hiyo, saa na tarehe.

Mzee Kiamunyi, jana usiku nilifikiria lako la shuka. Darasa langu la Kidato cha Pili liko mita chache kutoka ninapoegesha, na asubuhi gari likiwa baridi huwa naliacha linanguruma nikisahihisha madaftari ndani. Nimehamia kule kwenye mti wa mjakaranda, karibu na lango. Ni kidogo, najua.

Leo mchana yule fundi wa Nakuru amenipigia simu. "Madam, umeamuaje kuhusu ile kitu?" Nimemwambia aje aichukue wakati wowote, na kwa kuwa yeye ni mtu wetu, simtozi kitu.